Saa Moja Tu Kichwani

Jumatatu, 30 Machi

Siku mbaya kazini. Nzuri kwangu! Wateja wetu, madaktari wa meno wa nchi ya mbali, jana walisogeza saa zao mbele kwa saa moja, kama wafanyavyo kila mwaka jua linapoanza kuchelewa kuzama. Nchi nzima! Watu wazima na akili zao! Programu yetu ya miadi haina habari. Mgonjwa wa saa nne katumiwa ujumbe aje saa tatu. Tangu asubuhi wagonjwa wamesimama nje ya milango iliyofungwa, wameshika mashavu. Daktari wao mkuu kampigia Bosi simu, kamfokea mpaka sisi chumba cha pili tukasikia.

Bosi katuita, mimi na binti tunayemwita Miwani. Kasema Alhamisi saa nane kamili mchana daktari atakuwa kwenye simu ya video ofisini kwa Bosi, atakagua mwenyewe. Atakayelimaliza tatizo hili ndiye mkuu wa kikosi. Na kiti cha dirishani atakikalia yeye. Kile chenye magurudumu yote matano.

Kiti changu kina manne. Miaka saba nimo humu. Nani mwingine apewe? Lakini Bosi alisema yote hayo akimtazama Miwani. Miwani! Mwaka jana tu mimi ndiye niliyemwonyesha choo kilipo. Hapigi soga, hacheki ovyo, kutwa anaandika kwenye kidaftari chake. Na sasa kila kitu ni Miwani, Miwani. Nina wivu, ndiyo. Naandika wazi, humu hasomi mtu.

Nyumbani nimemwambia mke wangu kwamba ukuu nimeshaupata. Nimekaribia kuupata, tofauti ni ndogo. Kampigia mama yake papo hapo. Mama mkwe anakuja Jumamosi kunipongeza.

Sasa lazima niupate.

Jumanne, 31 Machi

Nimemaliza! Dakika tano! Mstari mmoja tu: kila ujumbe, ongeza saa moja. Nimeuficha kwenye faili la zamani lisilofunguliwa na mtu, bila maelezo yoyote, Miwani asije akaniibia. Nitaufichua Alhamisi mbele ya daktari, kwa kishindo. Kufikia mchana wagonjwa walikuwa wanafika kwa wakati. Nilipita mbele ya mlango wa Bosi mara nne, nikikohoa. Hakuinua kichwa.

Miwani kaniuliza kama kuna kitu nimegusa, maana ujumbe umejirekebisha na yeye hata hajaanza. Nikamwambia labda wale watu wamejuta, wamerudisha saa zao. Kaandika kidaftarini. Yeye anataka programu ijue yenyewe kila nchi inasogeza saa lini na inarudisha lini. Eti kuna mikoa haisogezi kabisa. Anajichosha bure. Kanikaribisha tuifanye kazi pamoja. Pamoja! Kiti tukikalie kwa zamu?

Mke wangu, ambaye ni muuguzi, kanituma nimsalimie Miwani. Tangu Miwani amtengenezee simu iliyokuwa inamwamsha siku za mapumziko, imekuwa yule binti mwerevu, yule binti mwerevu. Ndani ya nyumba yangu! Nimeacha nusu ya chakula. Hakuna aliyeuliza kwa nini.

Jumatano, 1 Aprili

Bosi kampelekea Miwani chai. Kwa mikono yake mwenyewe! Akamkorogea na sukari. Miaka saba sijakorogewa hata maji.

Basi nimepata mpango. Kwa ajili ya majaribio, kompyuta na simu zetu wote wawili tumeziweka kwenye saa za kliniki. Saa yetu wenyewe tunaiona ukutani tu. Sasa, saa saba mpaka saa nane mchana Bosi hujifungia akaongea na wenye kampuni. Asiguswe. Mhasibu aliwahi kufungua mlango ule, akahamishiwa stoo wiki hiyohiyo. Jioni Miwani alipotoka nimepanda meza, nimesogeza saa ya ukutani mbele kwa saa moja. Kesho ikionyesha saa nane itakuwa saba. Miwani na usahihi wake ataingia moja kwa moja, na kompyuta mkononi. Stoo!

Mimi sitakosea. Mimi nitatoa saa moja kichwani. Rahisi.

Alhamisi, 2 Aprili

Sitaki kuandika. Naandika.

Saa ya ukutani ilionyesha saa nane kasoro dakika tano. Miwani akainuka, akabeba kompyuta, akaniuliza kama siendi. Nikamwambia atangulie. Moyoni nikasema nenda mama, nenda ukaipate. Nikatoa saa moja: saa saba kasoro tano. Muda tele! Nikafungua chakula changu. Nikala taratibu, nikachokoa meno, nikasinzia kidogo. Ukutani ilipofika saa tisa kasoro tano nikavuta shati, nikaingia kwa Bosi na tabasamu langu lote.

Daktari alikuwa anaaga.

Mama wa usafi alikuwa akikusanya vikombe. Aliponiona nimechelewa kasema asubuhi aliikuta saa ya chumba chetu imekimbia saa nzima, akaitazama ya mkononi mwake, akairudisha. Kasema mtu angeweza kuingia kwa Bosi kabla ya wakati. Bosi kanitazama. Miwani katazama chini.

Na hilo lilikuwa dogo! Kumbe nilipokuwa natafuna, waliiwasha kazi ya Miwani. Programu ikaongeza saa moja yenyewe. Mstari wangu nao ukaongeza yake. Mgonjwa wa saa nne kaambiwa aje saa tano! Daktari kapandisha sauti, katishia kwenda kwa kampuni nyingine. Miwani katafuta dakika ishirini, kalifungua lile faili la zamani. Nilisahau kwamba kila mstari hubaki na jina la aliyeuandika. Jina langu, kwenye skrini kubwa, kwa herufi za kijani. Kaufuta, saa zikatulia, daktari naye akatulia.

Kisha Miwani kamwambia daktari kwamba mstari ule ulikuwa wa dharura, na ulisaidia wagonjwa kwa siku mbili. Kanitetea! Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Angenisema vibaya ningekuwa na amani.

Ijumaa, 3 Aprili

Miwani ni mkuu wa kikosi. Kahamia dirishani. Jua linamwangukia begani, limemkaa vizuri, linaudhi.

Kanisogezea kiti chake cha zamani. Kumbe nacho kina magurudumu matano. Nimekataa, nikamwambia changu nimekizoea. Nikakaa kwa heshima zangu, nikaegemea upande usio na gurudumu, nikaanguka. Kaja kuniinua. Hata kuinua watu anajua!

Kanipa kazi ya kuorodhesha nchi zote zinazosogeza saa. Nimesema sawa, Mkuu.

Jumamosi, 4 Aprili

Mama mkwe kafika na mzigo uliofungwa kwa karatasi ya maua. Saa ya ukutani! Kubwa, ya mbao, na sauti yake. Kasema ni ya ofisi ya mkuu, lakini tuitundike sebuleni kwanza majirani waione. Kanishika mkono muda mrefu. Kasema siku namwoa binti yake alikuwa na mashaka na mimi, akaomba radhi. Machozi yalimlengalenga. Na mimi yalinilenga, kwa sababu zangu.

Nilitaka kusema. Kweli nilifungua mdomo. Lakini akawa ameshaanza kusema kwamba Jumatatu, kabla ya kupanda basi lake, atapita ofisini aniangalie nilivyokaa kwenye kile kiti. Atafika saa tatu kamili. Mke wangu atamsindikiza.

Jumapili, 5 Aprili

Nimewaza kutwa. Miwani huingia saa tatu kamili, hakosei hata dakika. Lakini mama mkwe akifika saa mbili? Chumba kitakuwa changu peke yangu! Nitakuwa dirishani, jua begani. Atanitazama, ataridhika, atakwenda zake. Miwani hatajua kitu.

Kwa hiyo nimeingia sebuleni wakati wamelala mchana, nikaisogeza ile saa ya mbao mbele kwa saa moja. Wataondoka mapema bila kujua. Mimi nitatoa saa moja kichwani. Safari hii hakuna mama wa usafi.

Nyumba imetulia. Kutoka hapa mezani namwona mke wangu. Kaitazama ile saa, katazama simu yake, sasa kapanda juu ya kochi, anaigusagusa kwa nyuma. Mwanamke msafi sana huyu. Haiachii hata siku moja ishike vumbi.