Kamati ya Upepo Sahihi

Wakazi wote wa kambi ya Mesquite Bend, Arizona, walitangaziwa kwa kipaza sauti kwamba enzi ya kila mtu kujijazia upepo apendavyo ilikuwa imefikia tamati. Kuanzia siku hiyo matairi ya kila nyumba ya magurudumu, kubwa kwa ndogo, yangejazwa upepo wa pauni tisini na tano, kwa misingi ya haki na usawa. Asiye na kibali cha Kamati asingefunguliwa geti.

Mwenyekiti Verlin Tostrud alilisoma tangazo hilo mwenyewe, na sauti yake ikampendeza. Ukaguzi aliupanga saa nane mchana, baada ya usingizi wake, maana kiongozi hapimi upepo akiwa na uchovu.

Majira ya baridi yalikuwa yamekwisha na wastaafu walikuwa wanarudi kaskazini. Mjane Opal Hjelmstad alitakiwa awe Fargo Jumamosi, harusini kwa mjukuu wake. Alfajiri alijaza tisini na tano, matairi yakiwa ya baridi. Saa nane Verlin akakuta mia na nane.

"Umezidisha, mama."

"Sijaongeza hata kidogo. Ni jua hilo."

"Kamati haina mamlaka juu ya jua," alisema Verlin kwa huruma, akapunguza upepo, akamnyima kibali kwa udanganyifu.

Kesho yake asubuhi, kwa baridi ya usiku, matairi yalikuwa yamelegea. Opal akajaza. Mchana Verlin akapunguza. Wakaendelea hivyo mpaka Jumatano asubuhi, Opal alipomgongea mlango.

"Verlin, hivi mtu hapimi uzito wa gari kwanza, halafu akaangalia jedwali la watengeneza tairi, ndipo ajaze?"

"Uzito ni ubaguzi. Kamati haibagui."

"Basi twende mizani ya malori tukapime lako. Au unaogopa?"

Verlin hakuogopa. Aliona nafasi ya kuelimisha umma. Akaamuru geti lifunguliwe, kwani safari ya kikazi haihitaji kibali, na akaiagiza kambi nzima ifuate na magari yake kama waangalizi.

Mwanamke wa mizani alipima la Opal, akatazama jedwali. "Upepo wako unatosha, mama. Safari njema."

La Verlin lilipopanda, mwanamke yule aliipigapiga mashine yake kama haiamini.

"Babu, umebeba nini humu?"

"Mawe."

"Mawe ya nini?"

"Ya kuokota. Mazuri tu."

Yalikuwa chini ya kitanda, kabatini na bafuni, mavuno ya jangwani ya majira yote ya baridi.

"Kwa uzito huu hakuna upepo utakaokutosha. Matairi yatapasuka."

"Mwenyekiti," aliuliza Opal taratibu, "kanuni inasemaje?"

"Gari lisilo salama lisiondoke."

Waangalizi wakasubiri. Verlin alilipokea ombi lake mwenyewe, akalipima bila upendeleo, akajinyima kibali.

"Na mimi?"

"Wewe uko nje ya geti. Huku Kamati haina mamlaka."

Opal akawasha gari. "Nikupunguzie jiwe moja nimpelekee bibi harusi?"

Verlin akamchagulia la kijani. Opal akashika njia ya kaskazini, na waangalizi wote nyuma yake wakipiga honi.

Verlin akabaki kando ya mizani akipakua mawe. Baadaye akalala kidogo kama ilivyo desturi, na saa nane akaamka, akapima matairi yake.

Upepo ulikuwa umezidi. Akaupunguza.