Sheria ya Chumvi

Jumatatu, 7 Julai
Magloire ameondoka kwenda Salamabila kutafuta dhahabu. Ameiacha ngoma yetu kubwa bila mtunzaji! Jumamosi sisi Marasta tisa wa Kasongo tutamchagua mwingine. Atakuwa ni mimi tu. Nani mwingine ana nywele zinazofika kiunoni? Lakini jioni dada Faida, Rasta mwenzetu, amemtaja Yakubu. Yakubu! Ijumaa yuko msikitini, Jumamosi yuko kwetu. Tena Rasta safi hali chumvi, yeye anaitia kwenye sombe, mboga yake ya majani ya muhogo, mchana kweupe! Hakuna hata mmoja aliyekasirika. Wamesema aje ajieleze, kwani kwetu aliyeshika kigongo cha ngoma husema mpaka amalize, hata akisema upuuzi.

Jumatano, 9 Julai
Nimempatia dawa. Nimetunga sheria: anayekula chumvi, samaki au nyama asiguse kigongo wala ngoma. Nimepanda pikipiki ya Pitchou, dereva wa kukodi, hadi Kabambare ili mzee Célestin, Rasta wa kwanza wa huku kwetu, atie sahihi. Vumbi mpaka kwenye meno! Mzee amesoma polepole, akakunja karatasi, akasema atajibu kwa barua, Pitchou ataileta. Hakunikaribisha hata muhogo. Wakati wa kurudi njaa imenishika Lusangi. Nimekula kidogo. Safarini si dhambi.

Jumamosi, 12 Julai
Jah! Siamini.
Nimesoma sheria yangu kwa sauti kubwa. Raha iliyoje! Mara Pitchou akaingia na barua ya mzee. Faida, bila aibu, akampa kigongo, eti mgeni naye aseme anavyoona. Pitchou akasema: “Miye sijue mambo ya Rasta. Lakini huyu papa mwenye sheria alikula samaki ndakala sahani mbili kule Lusangi, akaomba tena chumvi.”
Nikataka kujitetea. Faida akanizuia: kwa sheria yangu mwenyewe, sigusi kigongo. Miaka kumi na mmoja naimba hapa, leo sina mdomo! Na nani alisimama kunitetea? Yakubu! Akataka sheria itupwe, nami niseme, maana tukimnyamazisha mmoja leo, kesho hatuna kikao. Barua ya mzee ilikuwa na mstari mmoja tu: yule mnayempinga asikilizwe kwanza.
Basi nikapewa kigongo. Nikasema nampinga Yakubu. Wakanisikiliza saa nzima, hakuna aliyenikatiza. Kisha ngoma wakampa Yakubu.

Jumapili, 13 Julai
Bado nimeduwaa. Uvumilivu gani huu usio na mwisho? Ila kosa nimeliona: sheria ilikuwa fupi. Nimeongeza kwamba madereva wa pikipiki wasiseme kikaoni, na kwamba chumvi ya safarini haihesabiwi. Kesho naipeleka Kabambare. Pitchou amekubali kunibeba. Ameuliza tu kama awaambie watu wa Lusangi watuwekee ndakala.
Nimemwambia sahani mbili.