Picha Zinaiva Kesho

Bwana Kesho alikuwa na ulimi ambao ukikupaka mafuta unateleza mwenyewe hadi mfukoni mwake. Jina lake la kuzaliwa tuliache lipumzike. Hili la Kesho alipewa na watu waliowahi kumsubiri.

Asubuhi hiyo alisimama nje ya duka la ushonaji akijitazama kwenye kioo cha dirisha. Koti lake lilikuwa limechoka kiasi kwamba viwiko vilichungulia nje kama wapangaji wasiolala. Na Jumapili amealikwa chakula cha mchana! Mjane mmoja mwenye maduka mawili ya vifaa vya ujenzi alitaka kaka zake wamwone mchumba, na mchumba alikuwa ameshajieleza kuwa ni mkurugenzi wa kampuni ya video. Mkurugenzi haendi ukweni viwiko vikipunga hewa. Akikosa suti, amekosa mjane, saruji, mabati na maisha ya kukaa kivulini akihesabu misumari ya mwenzake.

Ndani ya duka sauti ilikuwa inagomba.

"Umekwama tena! Kila ukifika kwenye kola unakwama! Wiki ya pili hii najifunza kola, na kola yenyewe sijaiona!"

Aliyegomba alikuwa mama fundi, mwanamke wa makamo, tepu shingoni, pini tatu mdomoni. Aliyegombezwa alikuwa mwalimu wa ushonaji ndani ya tableti iliyoegemezwa kwenye cherehani. Mwalimu alikuwa ameganda, mkasi juu, duara dogo likizunguka usoni kwake.

Bwana Kesho aliingia kama mtu aliyetumwa na mbingu.

"Pole na kazi, mama. Data imekuishia?"

"Haijaisha, inakufa pole pole. Halafu wateja wanapita hapa mlangoni wanakwenda ng'ambo ya barabara, kwa sababu kule wanajua kola pana ya kisasa. Suti ya kawaida naishona nimefumba macho, lakini nani anataka ya kawaida? Nisipoijua hii kola mwaka huu, nitabaki kutia viraka suruali za shule."

"Mama, umemwona mkurugenzi wa kampuni ya video siku ileile unayomhitaji." Akashusha sauti, maana uongo mzuri hausemwi kwa kelele. "Masomo yote ya kola nitayahamishia humu ndani ya tableti. Utatazama bila data, hata tone. Umeme ukikatika, unatazama. Ukiwa chooni, unatazama."

"Chooni nashona nini?"

"Ni mfano tu, mama. Sitaki hata senti. Nishonee suti, mkono kwa mkono."

Mama fundi akamtazama viwiko. Huruma ni mlango mbovu. Tapeli hahitaji hata ufunguo. Akavua tepu shingoni, akampima.

Siku tatu Bwana Kesho alikaa kwenye kona ya duka, tableti mapajani, uso umekunjwa kama daktari wa upasuaji. Alichokuwa akikifanya nitakieleza, ila usiende kukijaribu kwa jirani. Kila video ya mtandaoni ina jalada lake, ile picha ya mbele inayokuvuta uibonyeze. Yeye alikuwa akichuma jalada, anabonyeza kwa muda mrefu mpaka itokee "Hifadhi picha", kisha linaingia kwenye albamu. Video nzima hushuka taratibu kama mzee kwenye ngazi. Jalada lake linashuka kabla hujamaliza kupiga chafya. Albamu ikajaa. Mwalimu na mkasi, mwalimu na kola, mwalimu akishangaa mshale mwekundu, maandishi ya njano yakipiga kelele KOLA BILA MAKOSA. Baadhi ya wenye video walikuwa wamechora kabisa na ile pembetatu ya kuchezeshea video. Mungu awape nini tena!

Jumamosi alasiri alimkabidhi tableti kwa mikono miwili.

"Yote yamo humu, mama. Hesabu mwenyewe. Ila leo usiyabonyeze."

"Kwa nini?"

"Video zikihamia kwenye picha lazima zikae kwanza. Zinaiva. Ukibonyeza mbichi, zinaharibika. Kesho jioni ndiyo saa yake."

"Haya. Ingia nyuma ya pazia, uvae nikuone."

Hapa tuelewane kuhusu jambo moja la kazi ya ushonaji. Fundi makini hashoni suti moja kwa moja. Kwanza anaipiga bandi, yaani anaishikiza kwa mishono mirefu ya uzi mweupe ili mteja aijaribu. Baada ya hapo ndipo anaipitisha kwenye cherehani na kuzing'oa zile nyuzi. Suti iliyokuwa nyuma ya pazia ilikuwa ya bandi tu, na mama fundi alikuwa amepanga kuimaliza kabla ya kulala, kwa uaminifu wake wote.

Pazia lilipofungwa, kidole kikamwasha mama fundi. Ni somo moja tu, alijiambia, nione kola ikianza. Akabonyeza. Mwalimu hakutikisika. Akabonyeza pembetatu. Kimya. Akaweka vidole viwili akavivuta, na pua ya mwalimu ikakua, ikakua, mpaka ikajaa tableti nzima, kubwa kama kiazi. Akapitia nyingine, na nyingine. Zote pua.

Mama fundi alitoa pini mdomoni, moja baada ya nyingine, akazichomeka kwenye mto wa pini.

Bwana Kesho akatokea, amejaa kifua. Kwa mbele, kusema kweli, alipendeza.

"Mama, imekwisha?"

Neno "bado" lilifika kwenye meno ya mama fundi, likakuta mlango umefungwa.

"Imekwisha, baba."

"Na huu uzi mweupe, mbona mrefu na uko juu juu?"

"Mkurugenzi mzima hujui? Ndiyo mtindo wa mwaka huu."

"Najua! Nilikuwa nakupima wewe."

"Nilijua unanipima."

"Ndani haina bitana."

"Wakubwa hawavai bitana siku hizi. Wanataka hewa." Akamsawazisha bega kwa upole wa mama mzazi. "Ila nisikilize. Mpaka kesho jioni usiiname wala usinyooshe mkono. Mishono mipya lazima ikae kwanza. Inaiva."

Mtu aliyezaa uongo huwa wa mwisho kuutambua ukirudi nyumbani umebadilisha nguo. Bwana Kesho aliitikia kwa kichwa, akashukuru, akaondoka kwa mwendo wa bwana harusi.

Jumapili ikafika. Sebule ya mjane ilijaa ndugu, na mke wa kaka mkubwa alikuwa amesimama kwenye kiti akirekodi kwa simu, kwa kumbukumbu ya ukoo. Bwana Kesho aliingia mikono ikiwa imebana mbavuni kama mwanajeshi.

"Karibu, shemeji mkurugenzi!" Kaka mkubwa alikuwa mfyatua matofali, na salamu yake ilikuwa ya kuvuta. Akamshika mkono, akamvuta kifuani. Kitu kikasema *tararara*. Kaka mkubwa akaendelea kutikisa mkono kwa heshima zote, mpaka alipogundua kuwa anatikisa mkono wa koti peke yake, na mwenyewe yuko hatua mbili nyuma.

"Samahani sana," akasema Bwana Kesho, akainama kuuchukua. Suruali nayo ikaaga, kuanzia kiunoni hadi panapostahili adabu.

Mjane akamchungulia kwa nyuma.

"Hiyo kampuni yako ya video," akauliza, "inafunguliwa kwa nyuma?"

Jumatatu, viwiko vilevile vilirudi dukani, suti ikiwa kwapani kama mgonjwa. Vijana wawili walikuwa wakitoka, wamepimwa suti za uzi mweupe, kwa kuwa video ya ukoo ilikuwa imezunguka mji mzima na wengine walidhani ni mtindo. Mama fundi alikuwa akicheka na tableti. Juu kabisa ya albamu palikuwa na jalada jipya: kaka mkubwa na mkono wa koti, na nyuma yake uso wa mtu aliyeona jini.

"Umenifundisha vizuri, baba. Bonyeza kwa muda mrefu, hifadhi picha. Kila mteja anayeingia namwonyesha."

"Mama, nakuomba. Mjane amenifungia namba. Njiani watu wananipa mkono wanakimbia. Angalau hiyo yako ifute!"

"Kaa pale kwenye kona. Washa data yako. Nishushie masomo ya kola, mazima, yanayotembea na kusema. Nitayabonyeza moja moja."

Akakaa. Duara likazunguka, safari hii likila data ya simu yake. Jua lilikuwa limeinama kwenye kioo cha dirisha somo la mwisho lilipomaliza kushuka. Mama fundi akalibonyeza. Mwalimu akashusha mkasi, akakata, na kola pana ikalala kitambaani kama paka. Mama fundi akaitazama mpaka mwisho, machozi yakimlengalenga.

"Haya, mama," Bwana Kesho akanong'ona. "Sasa ile picha utaifuta?"

Mama fundi akatia pini mdomoni, akavuta kitambaa cha suti ya kwanza ya uzi mweupe.

"Kesho, baba. Bado inaiva."