Nimechimba Dhahabu Nyuma ya Jiko Letu

Jamani, leo nimepatwa na aibu ambayo hata mbuzi wa jirani ameniangalia akageuza uso. Sitanii. Naandika hapa nikiwa nimekalia ndoo iliyopinduliwa, mikono ina povu la sabuni, simu inateleza. Huko mbele ya nyumba watu bado wanacheka. Wengine hata hawakualikwa!

Nianze mwanzo, mnihukumu vizuri.

Mnaonifahamu mnajua ujana wangu uliishia kwenye maduara ya Nyarugusu. Duara kwetu ni shimo la dhahabu. Unashuka na kamba na tochi kichwani, unapanda na matope na matumaini. Kuna moja lilikuwa refu, ukifika chini unasikia watu wa upande wa pili wa dunia wanasalimiana (sawa, natia chumvi, lakini kidogo tu). Na dhahabu yote niliyowahi kupata ingeingia kwenye jino la mtoto mchanga, na nafasi ikabaki.

Mama mkwe wangu wa Ushirombo hakuipenda kazi hiyo hata siku moja. Mimi na yeye hatuongei sana ana kwa ana. Ni heshima ya ukwe. Hata usoni simwangalii, macho yangu yanaishia kwenye viatu vyake. Kwa hiyo tulipohamia Kahama, alimpa mke wangu ujumbe wa kunifikishia: "Mwambie mumeo, nikisikia amerudi kwenye duara, nakuja kukuchukua wewe na mjukuu wangu, tunapanda basi siku hiyo hiyo." Na mama yule huwa hatishi mtu. Anatoa taarifa.

Basi nikatulia. Nikasoma madarasa ya jioni mpaka nikapata cheti (kipo ukutani, kwenye fremu kubwa kuliko televisheni). Sasa ni mtunza ghala kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Navaa shati lenye mfuko, kalamu mbili mfukoni. Moja haiandiki, lakini inapendeza.

Tatizo ni kwamba nyumba nzima imepata vipaji isipokuwa mimi. Mke wangu, Mama Neema, aliacha maandazi akajifunza kuoka keki kwa kuangalia simu, na sasa hakuna harusi mtaani inayopangwa bila yeye kuulizwa. Binti yetu Neema anajifunza kinanda cha kwaya. Anajua wimbo mmoja. Tunaoga nao, tunakula nao, juzi nimeuota. Mama mkwe mwenyewe, na utu uzima wake, kajiunga na akina mama wa kukimbia alfajiri kule Ushirombo. Anakimbia na raba na kitenge! Na mimi? Nilijaribu kufuga kware. Tuliishi vizuri mpaka siku nilipofungua banda kuwasalimia.

Jana Neema akaniuliza, bila ubaya wowote, "Baba, na wewe huwa unapenda kufanya nini?"

Nikafikiri sana. Nikasema, "Napenda taarifa ya habari."

Iliniuma.

Sasa leo Neema alikuwa anapata kipaimara. Sherehe nyumbani, spika za kukodi, wageni, na mama mkwe akija na basi la kwanza kutoka Ushirombo. Alfajiri mke wangu na Neema wakatangulia kanisani kwa mazoezi ya mwisho. Nikaachiwa kazi moja.

"Baba Neema, simamisha turubai nyuma ya jiko, kwenye kivuli. Hiyo tu."

"Hilo dogo," nikajibu.

Nikaenda na nguzo zangu. Nikainama pale karibu na bomba nichimbe tundu la nguzo ya kwanza. Jua ndiyo kwanza linachomoza. Ardhi ikanikonyeza.

Nikafikicha macho. Ikanikonyeza tena! Udongo wote pale bombani ulikuwa na mng'aro wa njano, laini, kama malaika kapita akajifuta mikono. Moyo ukapiga teke. Mtu mwenye akili timamu angejiuliza ni nani kamwaga nini hapo. Mimi nilijiuliza mgodi niuite jina gani.

Nikachota udongo kwenye karai. Nikaanza kuosha kama tulivyoosha Nyarugusu: zungusha, tikisa, mwaga tope, zungusha tena. Mikono ilikumbuka kila kitu. Maji yakaanza kuwaka njano.

Hapa niseme jambo la kitaalamu. Dhahabu ni nzito. Ukiosha, inazama, inabaki chini ya karai. Jambo hilo kila mtoto wa Nyarugusu analijua kabla ya kuota meno, na mimi nimefundishwa tena na mwalimu, ubaoni, kwa chaki za rangi. Hii yangu ilikuwa inaelea. Inaelea juu ya maji kama bata! Nikatafakari kisomi, nikapata jibu: ni dhahabu changa. Haijakomaa. (Msicheke kwanza. Pa kuchekea papo mbele.)

Nikampigia Maduhu. Huyu tulikuwa tunashuka naye shimoni, siku hizi anaendesha bodaboda hapa Kahama na ameapa mbele ya mashahidi kwamba hatashika sururu tena. Alifika kabla sijakata simu. Na sururu.

"Shija, iko wapi?"

"Punguza sauti. Pale bombani."

Akapiga magoti. Akapaka udongo kwenye ukucha, akaugeuza juani. Macho yakamlengalenga.

"Ndugu yangu, tumehangaika porini miaka yote ile, kumbe inakusubiri jikoni!"

"Lakini inaelea, Maduhu."

"Kila kitu siku hizi kimepungua uzito. Hata mkate."

Sikuona kasoro kwenye hoja hiyo. Tukachimba. Tulichimba kama watu wanaofukuzwa. Kengele ya kanisa ilipolia, shimo lilikuwa limenifika kifuani (basi, magotini), karai limejaa mng'aro, na turubai nimelisimamisha harakaharaka mbele ya nyumba, juani. Tukafunika shimo kwa bati, Maduhu akakaa juu yake kama kuku anayeatamia. Mimi mbio kanisani, matope kwenye kucha.

Neema alipopakwa mafuta machozi yalinitoka, hilo mniamini. Lakini nikiri pia kwamba mshumaa ulipomulika kengele za altare, nilianza kuzikadiria uzito.

Baada ya misa nikasogea pembeni, nikainama, nikaangalia raba nyeupe. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, Baba Neema." Halafu akamgeukia mke wangu, akasema kwa sauti ya kutosha nisikie: "Mwambie mumeo nimepata habari zake. Ametulia, amesoma, amenenepa. Nimefurahi."

Jamani! Miaka yote nimesubiri sentensi hiyo. Kama ningekuwa na akili, ningerudi nyumbani nikafukia lile shimo kwa mikono, nikala wali, nikalala.

Nyumbani mke wangu akasimama mlangoni.

"Baba Neema, mbona turubai liko juani?"

"Upepo, mke wangu."

"Na Maduhu kakalia nini kule nyuma?"

"Shimo la taka."

"Siku ya sherehe?"

"Taka hazina sikukuu."

Akaniangalia kwa jicho lile. Mliooa mnalijua. Wageni wakaingia, nikapona.

Keki ya Neema ilikuwa imefungiwa kwenye boksi chumbani tangu jana, marufuku mimi kuchungulia (kuna keki moja ya zamani nilichungulia kwa kidole). Ikafunguliwa. Nikasikia vigelegele na watu wakipiga kelele, "Jamani, njiwa! Ona njiwa anavyometameta!" Nasema nilisikia, kwa sababu mimi nilikuwa nyuma ya jiko nampelekea Maduhu pilau na kusalimia shimo. Niliporudi, njiwa wa juu ya keki ameliwa. Kipande changu kimebaki makombo. Nikayafuta kwenye sahani kwa mkate, nikameza.

Zikaja sifa. Mama Neema kasifiwa kwa keki, akapigiwa makofi. Neema kapiga wimbo wake mmoja, makofi. Mama mkwe kasimamishwa kama mkimbiaji wa Ushirombo, makofi na miluzi. Kisha mshereheshaji akanigeukia.

"Na baba mzazi je, yeye anapiga nini? Naambiwa anapiga miayo!"

Wakacheka wote. Neema naye kacheka. Nikapewa kipaza sauti. Mke wangu akaninong'oneza, "Sema asante, kaa." Wallahi nilikuwa nayo asante, iko kwenye ulimi kabisa. Ikateleza.

"Ndugu wageni waalikwa," nikaanza. "Mmesikia vipaji vya familia hii. Sasa pokeeni changu. Nyumba hii mnayoiona imejengwa juu ya dhahabu! Maduhu, leta!"

Maduhu akatokea na karai, kalifunika kwa leso, anatembea polepole kama anapeleka vipaji vya sadaka altareni. Akafunua. Watu wakasimama kwenye viti. Mama Neema akaziba mdomo kwa kiganja (nilidhani ni furaha). Na wa kwanza kufika kwenye karai, kwa miguu ile ya mazoezi, alikuwa mama mkwe.

Alisimama mbele yangu, karibu kabisa. Macho yangu yakaanzia kwenye raba kama kawaida. Lakini furaha ilikuwa imenilegeza. Yakapanda kwenye kitenge. Yakapita shingo. Yakafika usoni, mara ya kwanza tangu nioe.

Midomo yake ilikuwa inang'aa dhahabu!

Akili yangu yenye cheti ikafanya kazi haraka: mama kaonja sampuli. Anameza ushahidi! Nikasahau ukwe, nikasahau kwamba kipaza sauti kiko mdomoni.

"Mama! Fumbua mdomo!"

Spika zilikuwa mbili, kubwa, zimeelekezwa barabarani. Muuza nyanya wa ng'ambo ya barabara alifumbua wake.

Mtu asiye wa huku anaweza asielewe. Kwetu ukikohoa mbele ya mama mkwe, unaomba radhi. Mimi nimemwamuru afumbue mdomo, hadharani, kama mganga wa meno. Bibi mmoja wa Ushirombo akashika kichwa: "Mayo wee!"

Ndipo nikaangaza huku na huku. Mshereheshaji, midomo ya njano. Kwaya nzima, midomo ya njano. Katekista, njano mpaka kwenye masharubu. Hata mbuzi wa jirani, aliyeokota karatasi ya keki, ndevu zake zilikuwa zinameremeta.

Neema akanisogelea taratibu. "Baba," akasema, na kipaza sauti hakikumwacha, "hiyo ni poda ya kupambia keki. Jana mimi na mama tuliosha vyombo pale bombani."

Sitaeleza kicheko. Nilihisi kinapita juu yangu kama treni ya mizigo. Maduhu akaweka karai chini, akavaa helmeti, akasema, "Nina abiria." Hakuwa na abiria.

Lakini mama mkwe hakucheka. Alizunguka nyuma ya jiko, sherehe nzima ikimfuata. Akasogeza bati. Akaangalia shimo. Halafu akaniuliza mimi mwenyewe, moja kwa moja, bila kumpitisha mtu:

"Hili ni duara?"

"Ni... dogo, mama."

Kicheko kikakatika. Mke wangu akaja kusimama ubavuni kwangu, akashika ncha ya kanga yake kwa nguvu. Nilikumbuka ule ujumbe, neno kwa neno. Basi la jioni la Ushirombo lilikuwa bado halijaondoka.

"Neema," mama mkwe akasema, "kaniletee begi langu."

Neema akaleta begi. Mama akalifungua, akaingiza mkono, akatoa chipukizi la mgomba, limefungwa kwenye gunia lenye unyevu. Akalishusha shimoni, akalisimika, likakaa kama limepimwa.

"Nilikuwa nawaza nani atanichimbia," akasema. "Umejitahidi. Sikuchukia sururu yako, Baba Neema. Nilichukia kusikia simu ikiita usiku, nikidhani wamekuja kuniambia shimo limekufukia, mwanangu kabaki mjane. Hili likikufukia, litakufukia hadi magoti, tutakutoa."

Macho yangu yakashuka tena kwenye raba.

Kisha akainama kwenye karai, akalikagua. "Na kuosha unajua, tope lote limetoka. Basi kuanzia leo vyombo vya keki vya nyumba hii utaosha wewe. Nimemaliza." Ndipo akacheka! Akacheka mpaka akajishikilia kwenye nguzo ya jiko. Mke wangu yeye alikaa chini kabisa, kwenye udongo, na gauni la sherehe.

"Baba!" Neema akaruka. "Sasa na wewe una kipaji!"

Ndiyo maana nipo hapa kwenye ndoo, bombani, na mlima wa mabakuli mbele yangu, karibu na mgomba uliochimbiwa shimo kwa bidii kuliko migomba yote ya Kahama. Mama mkwe kajiwekea kiti pale mlangoni, anasimamia kazi.

Ombi langu ni moja. Mkipita njia hii mkamwona msomi anaosha mabakuli, mikono inameta mpaka viwikoni, salimieni tu mpite. Na mtu asithubutu kuniambia nifumbue mdomo, maana yale makombo niliyameza, na nimejiona sasa hivi kwenye kioo cha simu. Nang'aa kuliko mbuzi.