Viatu vya Mombasa na Nairobi

Jumanne, 7 Machi 1950. Mombasa.
Nimefika ng'ambo! Bwana Rajabu, mnunuzi wa mboga, kanichukua kwa sababu nilisoma Kiingereza. Kazi yangu: kuwaeleza wazungu wa mahoteli uzuri wa kabichi za Lushoto. Mwaka huu ni Mombasa, Nairobi na Kampala. Nimemwahidi Selina, binti wa mwalimu, kwamba nitaitazama miji yote na kumsimulia. Alinitazama usoni, mara ya kwanza katika maisha yangu. Nikatazama mbuzi.

Leo nilipewa saa mbili nikaione ngome. Mzee wa kwanza njiani: shikamoo. Mama wa pili: shikamoo. Kwetu ukimpita mtu mzima kimya, habari inafika nyumbani kabla yako. Lakini kwetu njiani unakutana na watu saba. Hapa hawamaliziki! Nimeamkia makuli mstari mzima. Muuza kahawa akaniuliza, "Mwanangu, umepotea, au unaomba?" Saa mbili zimekwisha na soko nililotokea bado naliona.

Jumatano, 8 Machi.
Mpango. Usiyemwona hujampita kimya. Nimetembea macho chini, sikuamkia mtu. Ngomeni nimefika, najua, maana niliugonga ukuta kwa paji la uso. Nimeona viatu vingi mno.

Alhamisi, 15 Juni. Nairobi.
Viatu vya huku vinang'aa zaidi. Bwana Rajabu kauliza kama shingo inaniuma.

Jumapili, 18 Juni. Lushoto.
Baada ya ibada Selina akataka habari za Nairobi. Nikasema watu wanavaa viatu. Akangoja. Nikaongeza: vyeusi, hasa.

Hapo akaingia Kornelio. Kornelio ni utingo wa lori la mboga. Hajawahi kuvuka Mombo, chini ya mlima wetu, ila pale anawasikiliza madereva wa safari ndefu. Akaeleza taa za barabarani, maghorofa, duka lenye kioo kipana kama ukuta wa kanisa. Selina akanigeukia: ni kweli? Ningejuaje? Nikasema ni kweli tupu. Hata nikamsifu.

Jumatatu, 4 Septemba.
Imebaki Kampala tu. Nikiikosa hiyo, Selina basi tena. Lakini nimepata mpango mkubwa! Mimi sina macho ya safari, Kornelio anayo. Basi aende yeye. Atazame, arudi, anieleze mimi kwanza, nami nimsimulie Selina. Tena kwa wiki mbili hayupo. Bwana Rajabu kasema Kornelio hajui Kiingereza. Nimejitolea kumfundisha. Maneno ya kabichi hayafiki arobaini.

Ijumaa, 8 Septemba.
Kornelio kaandikwa kazi moja kwa moja. Bwana Rajabu anasema Kornelio ataongea na wazungu, mimi nilikuwa naongea na meza. Nimepewa nafasi yake ya utingo. Sanduku lake nimelipakia mwenyewe.

Selina naye kashuka nasi hadi Mombo, eti anafuata chumvi. Lushoto chumvi ipo. Akampa Kornelio kikapu cha mapeasi, akamwambia, "Uniandikie kila kitu, hata usichokiona."

Kurudi alikaa mbele na dereva, mimi nyuma juu ya magunia. Lori moja, mimi na yeye! Tulipofika akaniomba nimfundishe Kiingereza, kwa sababu Kornelio kaahidi kumchukua wakakae Nairobi. Nimekubali kabla hajamaliza. Masomo kila Jumamosi, wawili tu.

Maskini Kornelio. Hajui kinachomjia.