Kompyuta ya Baba na Kadi ya Giga Sitini na Nne

Jumatatu, 11 Agosti
Tu-tim! Kisha, kabla sijatabasamu: tim-tu. Sauti hiyo haijanitoka masikioni tangu jana. Nachomeka kadi, kompyuta inaipokea, inaitema. Kama mtu anayefungua mlango, akaona ni wewe, akaufunga.

Ndani ya kadi kuna picha 412 za harusi ya dada yangu Amélie. Nilipiga mimi. Nilimkataa binamu yetu Fortunat, mwenye studio ya picha mtaani Cibitoke, nikasema aliyesoma hesabu chuo kikuu hashindwi na kamera. Jumamosi ni gutwikurura, siku ya kumfunua bibi harusi, na Mama ameshawaahidi wakwe picha ukutani, kwa projekta ya kuazima. Mtaa wetu wote wa Musaga unajua. Sishindwi.

Jumanne, 12 Agosti
Nimeifuta kadi kwa spiriti. Nimeipuliza. Nimeiombea. Tim-tu.

Fortunat alipita, eti kusalimia tu. Alicheka mpaka akakaa chini. Eti we dada, hii mashini ya baba yako ni muzee, haijue kadi za siku hizi, chomeka kamera yenyewe na waya yake. Waya! Niliutupa pamoja na boksi. Nikamjibu kwamba kompyuta itasoma kadi yenyewe. Ni suala la kanuni. Akaniaga kama mhandisi mkubwa: haya, madame l'ingénieur.

Jumatano, 13 Agosti
Nimekwenda Asiatique, mtaa wa maduka. Muuzaji mmoja, Gélase, alinieleza kwa upole: kompyuta za zamani husoma kadi ndogo tu, mwisho giga mbili. Yangu ni sitini na nne. Hesabu rahisi! Nilizunguka maduka tisa nikapata kadi ndogo tatu, za giga moja moja. Mpango: kuhamishia picha humo.

Nyumbani nikazipanga mezani. Mama akauliza picha zitatokaje kwenye kadi kubwa ikiwa kompyuta haiioni kadi kubwa.

Nimelala mapema.

Alhamisi, 14 Agosti
Nimenunua kisomeo kipya cha kadi. Kinataka programu. Programu iko kwenye sidii. Kompyuta imeimeza sidii na haiirudishi. Nimetumia uma, kisha sindano ya kufumia. Umeme ukakatika. Nashuku kompyuta imefurahi.

Ijumaa, 15 Agosti
Bibi anafika kesho kutoka Rumonge. Miguu ilimzuia kuja harusini. Mama anasema anakuja kwa ajili ya picha tu, haulizi kingine.

Nililia kidogo. Nikaenda Cibitoke. Nikamwomba Fortunat waya, nikasema rafiki yangu ndiye anauhitaji. Akataka jina lake. Nikasema Irène. Akanipa, akasema mwambie Irène upande mudogo unaingia mu kamera, asilazimishe.

Tu-tim. Nikangoja. Kimya. Picha zote 412!

Jumatatu, 18 Agosti
Juzi Bibi alisogezwa karibu na ukuta. Aliugusa uso wa Amélie, akaona mwanga umemjaa mkononi, akacheka kama msichana. Wakwe walipiga makofi. Mama akamshukuru Fortunat kwa waya mbele ya watu wote. Fortunat akasema apana, mushukuruni Irène.

Nimetafakari siku mbili. Hitimisho: kompyuta ilikuwa karibu kusalimu amri. Nilikosa subira, basi. Patricia wa jirani anabatiza mtoto mwezi ujao. Nimemwambia nitapiga picha mimi. Asubuhi nimemrudishia Fortunat waya wake, nikapitia Asiatique kununua kadi ya giga mia moja ishirini na nane. Gélase alinisihi nifikirie kwanza. Nilichana pakiti palepale mbele yake, ili isiweze kurudishwa.