Gari Jeupe la Mama Nyirasafari

Wengine huamshwa na jogoo. Jack aliamshwa na magari ya watu. Asubuhi ya Alhamisi moja, mwaka 1999, alikuwa amekaa juu ya pikipiki yake ya bluu karibu na soko la Gisenyi, akisugua meno kwa kijiti kama waziri asiye na wizara, gari dogo jeupe likapita juu ya mawe ya volkeno. Ko-ko-ko. Jack akatoa kijiti mdomoni. Katika zile ko tatu alisikia mke.

Tuelezane. Jack alimpenda Epiphanie wa Nyundo, na Epiphanie hakuwa na neno. Mwenye neno alikuwa baba yake, mzee Habumugisha, mchomeleaji wa mageti aliyerudi karibuni kutoka Kongo, ambaye Jack alikuwa hajamwona kwa macho. Ujumbe wake ulifika kwa mdomo wa shangazi: "Mutu wa kumupakaza binti yangu vumbi na pikipiki, abaki kwao. Aje na gari, siku ya Mungu." Kufika siku ya Mungu, Jumapili, zilibaki siku tatu, na mwalimu mmoja wa Ruhengeri, mwenye gari, alikuwa ameshaanza kupiga pasi suruali.

Kazi ya Jack ilikuwa kusikiliza. Gari likiwa na mafua, alimwambia mwenyewe kuwa ni kifua kikuu. Akalichukua kwa bei ya msiba, akaliponya kwa nusu saa, akaliuza likiimba. Watu wa namna hiyo mji hauwezi kuwakosa. Wangekosekana, werevu wetu tungeupimia wapi?

Gari likasimama. Akashuka Mama Nyirasafari, muuza sambaza, vile vidagaa vya ziwani, mwanamke mpana mwenye heshima zake.

"Mama, samahani. Hiyo gari inalia."

"Inalia, mwanangu. Nilibadilisha amotisa za mbele, zote mbili mupya. Zamani ilikuwa inaruka kama mbuzi. Sasa hairuke, inagonga. Mi sijui kitu ya magari, mi ni mutu wa samaki."

Jack alimeza mate. Vidole vya mama vilikuwa na weusi kwenye kucha, lakini nani huangalia kucha za mtu anayejitia mwenyewe kwenye sufuria? Akafungua boneti, akaweka kiganja juu ya kichwa cha amotisa ya kushoto, ile shokamzoba inayozuia gari lisiruke.

"Zungusha usukani, Mama. Polepole."

Chini ya kiganja, nati ya juu ikacheza kama jino la mtoto. Basi, ndiyo hiyo tu: aliyezifunga amotisa hakukaza nati. Spana moja na dakika kumi. Jack akaondoa mkono taratibu, kama mtu aliyegusa maiti.

"Pole, Mama."

"Pole ya nini?"

"Hapa amotisa inashika ku mwili wa gari, chuma imepasuka. Kwa ndani. Siku moja gurudumu itakuingilia bila kupiga hodi."

"Mana yanjye, Mungu wangu," alisema Mama, akakaa juu ya kikapu. "Na fundi anajua hivyo?"

"Mafundi, Mama. Wanapenda franga kuliko watu."

Kuhakikisha, hakuhakikisha. Pale palipakwa lami nyeusi, kama watu wanavyofanya kuzuia kutu, na Jack hakuwa mtu wa kuchafua mikono akitafuta kitu alichokitunga mwenyewe muda huo huo.

"Sasa nitaitupa?"

"Mi nitakubebea huo muzigo. Niachie gari nitoe vipande, we baki na pikipiki yangu."

Mama akafikiri sana, au akaonekana kufikiri. "Lakini mi ni mukristo, mwanangu. Siwezi kutoa kitu kibovu nikanyamaza. Bon, tuandike. Umesema imepasuka wapi?"

Jack akaandika, tena kwa mwandiko wa kanisani, karatasi mbili: yeye Jack anachukua gari hili akijua kuwa chuma kinachoshika amotisa ya mbele kimepasuka, na amekikagua mwenyewe. Ndayisenga, muuza viazi vya Bugeshi, akatia sahihi kama shahidi. Jack alipochora mkia wa sahihi yake, ilibidi akohoe ili asicheke.

Nyuma ya soko akakaza nati. Mizunguko miwili na nusu. Akapita na gari kwenye lami ya kando ya ziwa, kimya kama padri anayesikiliza maungamo.

Jumapili akavaa tai, akapanda Nyundo. Kwenye lami gari liliteleza. Alipokata kuingia njia ya udongo, likasema ko. Moja tu, ya kusafisha koo. Kisha mbili. Kisha kitu kikapasuka kwa sauti ya mlango wa jela, pua ya kushoto ikainama, na Jack akaingia uani kwa mzee akiburuta gurudumu lililolala ubavu, mbele ya ukoo mzima uliokaa kwenye viti.

Mzee Habumugisha alikuwa mfupi, mikono yote alama za cheche. Hakumwangalia Jack. Aliliangalia gari.

"Hii naijua. Hizi amotisa ni mi niliziweka. Nati nilikaza na mukono yangu, nikamwambia mwenyewe: itagonga tu, chuma imepasuka, haichomelewe tena. Uza vipande, na usimufiche anayenunua."

"Alinificha, baba."

"Nyirasafari? Jana alileta sambaza hapa, na pikipiki muzuri ya bluu. Akaniachia kopi." Akakunjua karatasi. "Huu mukono ni wa nani?"

Jack akauona mkia wa sahihi yake mwenyewe.

"Kama uliona huo ufa, ulikuja kumuua binti yangu. Kama hukuona na ukaandika umeona, we ni mwongo. Chagua, nijue nani nimupatie kiti."

Jack akatafuta uongo mifukoni mwake mote. Aliokuwa nao ulikuwa umeshageuka kweli.

"Papa, mupe hata chai," alisema Epiphanie, akificha mdomo kwa kitenge.

"Chai iko ya wageni."

Jack alikuwa ameshuka kilomita mbili kwa mguu, tai mfukoni, alipopitwa na pikipiki ya bluu. Ikasimama. Mama Nyirasafari, aliyefundishwa kuendesha na masista, akasogea mbele kidogo.

"Panda, mwanangu. Ushike ndoo."

Jack akapanda, akapakata ndoo ya sambaza. Wakashuka kona mbili.

"Mama. Ile nati, nani aliilegeza?"

"Mi sijui kitu ya magari," alisema Mama, akiongeza moto. "Nilizungusha mara mbili na nusu tu."